Bi Cherehani na Kitufe cha H

Katika kiwanda cha magodoro sauti hazidumu. Sponji inazinywa. Mtu akiita kutoka mwisho wa ghala, anayeitwa huona mdomo tu ukifunguka. Vitoroli hupita kama vimevaa soksi, na hata ugomvi, maana ugomvi upo, hufika ofisini umekwisha kulainika. Sauti ngumu ilikuwa moja tu, nayo ilitoka chumba cha pili baada ya mapokezi, nyuma ya mlango usiofungika vizuri: ta-ta-ta-ta, kimya kidogo, ta-ta, kama cherehani inayoshona gunia. Sasa haipo. Wafanyakazi wanaopanda ngazi kwenda kuomba likizo bado hupunguza mwendo karibu na mlango ule, wakasikiliza kidogo, kisha wakaendelea. Anayekaa humo siku hizi ana vidole vya pamba, na unaweza kupita usijue kama ndani kuna mtu.

Aliyeondoka walimwita Bi Cherehani. Jina hilo alipewa na mtunza stoo, naye alilipokea kama watu wanavyopokea jina la utani lisilo na ubaya: alijifanya kukasirika wiki moja, halafu akawa anaitikia.

"Bi Cherehani, suruali yangu tayari?" mtunza stoo alizoea kuuliza akipita na makaratasi yake.

"Njoo uchukue. Nimeifupisha mguu mmoja."

Alijifunza kazi kwenye mashine ya taipu, enzi ambazo mwalimu aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasichungulie vitufe, akapita nyuma yao akisikiliza. Aliyegusa vitufe kwa upole aliambiwa aende akapapase mikate jikoni, hapa tunataka wino ufike kwenye karatasi. Vidole vyake vikakomalia hapo. Taipu zilipoondoka zikaja kompyuta za mezani, na kompyuta zilipoondoka ikaja laptopu, kitu chembamba kama biskuti, naye akaendelea kuipiga vilevile kama adui yake. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi na mdogo wake, msusi aliyefanya kazi yake sebuleni, kwa hiyo kila jioni alipoingia nyumbani aliwakuta wanawake wenye nusu kichwa kilichosukwa na nusu kilichosimama, na wote walimsalimia kwa macho tu kwa kuwa hawakuweza kugeuza shingo.

Alikuwa mpigachapa mzuri sana, na hilo alilijua. Barua iliyopita mikononi mwake ilitoka safi. Meneja aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba hahitaji saa ya kumwambia kazi imeanza, anasikiliza tu ukuta. Bi Cherehani alicheka siku ile na kusema, "Ah, meneja naye." Lakini maneno yale aliyatia mfukoni akawa anayatoa mara kwa mara, peke yake, akiyatazama. Sauti ya vidole vyake ilikuwa ndiyo cheo chake. Cheo kingine hakuwahi kupewa.

Kitufe cha kwanza kuchoka kilikuwa H. Mwanzo kilishika ukikipiga mara mbili. Baadaye kikawa na maringo: leo kinaandika, kesho hakitaki, keshokutwa kinaandika herufi tatu kwa mpigo kama kinalipiza. Fundi aliifungua laptopu, akapuliza, akatikisa kichwa, akasema vitufe vya ndani haviuzwi kimoja kimoja, na kwa mikono ile hata akiweka vipya vitakufa.

"Chukua kibodi ya nje," meneja alimwambia. "Ya kuchomeka na waya. Chagua mwenyewe unayoipenda, lete risiti. Usinunue takataka."

Chagua mwenyewe unayoipenda. Katika miaka yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo kuhusu kitu chochote pale ofisini. Kiti alikikuta, meza aliikuta, hata pazia alilikuta. Ndiyo maana, nadhani, alilichukua neno lile polepole kama mtu anayekula pipi asiyetaka iishe.

Mtaa wa vifaa vya umeme ulikuwa njiani kwake. Maduka yalikuwa membamba, kila moja na kabati la kioo na nyaya zikining'inia darini. Duka alilolizoea lilikuwa la mwanamume mmoja mwenye kitambi na miwani kichwani, mcheshi asiyechoka. Siku ya kwanza alimtolea kibodi ya mpira ambayo ungeweza kuikunja.

"Hii niandikie au niilalie?" Bi Cherehani akauliza. "Vitu laini nimeviacha kazini."

Akamtolea ndogo isiyo na waya. Bi Cherehani akasema vitufe vimebanana kama meno ya mtoto. Akamtolea ya vijana wanaocheza michezo, inayowaka taa nyekundu na kijani. Akasema yeye anaandika barua, hapigi disko. Ndipo mwenye duka alipoingia nyuma ya pazia, akatoka na kibodi nzito, nyeusi, kila kitufe na springi yake. Akaichomeka kwenye kompyuta ya duka, akamsogezea. Bi Cherehani aliandika mstari mmoja. Sauti ilikuwa ileile ya ujanani, kavu, yenye uti wa mgongo. Aliandika mstari wa pili bila sababu.

"Hiyo sasa," mwenye duka akasema. "Nifunge?"

"Ngoja kwanza. Kitufe cha kushusha mstari kimekaa vibaya."

"Utakizoea."

"Na ukinunua viatu vinakubana, unasema utavizoea?"

Akaondoka. Kesho yake akapitia duka lingine, akakuta nyingine ya springi yenye kitufe kikubwa cha kushusha mstari, lakini sauti yake ilikuwa na kamwangwi kasikompendeza. Akarudi kwa yule wa kwanza. Akarudi tena.

"Shemeji, leo tena?" mwenye duka akamwambia.

"Nani kakuambia nimeolewa kwenu?"

"Kwa jinsi unavyokuja, lazima kuna ndugu yangu humu unamfuata. Hebu niambie ukweli, unanunua kibodi au unachumbia?"

Wateja walicheka, naye akacheka hadi akashika kabati. Nyumbani alimsimulia mdogo wake, na mwanamke aliyekuwa akisukwa akacheka bila kugeuza shingo. "Dada," mdogo wake akasema, "mimi mume nilimchagua kwa siku chache kuliko wewe hicho kidude."

"Ndiyo maana alikukimbia."

Zile zilikuwa siku nzuri. Baadaye, kila alipozikumbuka, uzuri wake ndio uliomchoma zaidi.

Kwa sababu H haikumngoja. Kazi ziliendelea, naye akajitengenezea njia yake. Alipiga kitufe kwa nguvu zaidi, na mwisho wa ukurasa alirudi akisaka maneno yaliyojeruhiwa. Yalikuwa rahisi kuyaona. Neno lililokosa H huchechemea: abari, apana, kwa eshima. Jicho linajikwaa hapo hapo. Aliyaokota moja moja, akayatia mguu wao, na ukurasa ukatoka safi kama kawaida. Hakumwambia meneja kwamba kitufe kimezidi kuwa kibaya. Angemwambia, angeulizwa kibodi iko wapi.

Wakati huohuo, huko chini kwenye mashine, kulikuwa na jambo. Mkataji wa zamu ya asubuhi, mtu mrefu, mkimya, ambaye wenzake walimwita Wembe, alikuwa amesimamishwa kazi. Sponji nyingi zilikatwa kombo, upande mmoja nene, upande mwingine nyembamba, na mzigo mzima ukarudishwa na wateja. Wembe alisema ni mashine. Mkanda unaozungusha kisu umelegea, na alikwisha kumwambia msimamizi. Msimamizi akasema hakumbuki kuambiwa. Mtu mmoja kwenye kikao cha kwanza akasema mashine haina mikono, na maneno hayo yakazunguka kiwanda kizima, watu wakiyarudia wakicheka. Wembe akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ichunguze.

Kamati ilichunguza. Ilifungua mashine, ikaukuta mkanda umeliwa kama kamba ya kisima. Ijumaa mchana meneja aliingia kwa Bi Cherehani, ufunguo wa gari mkononi, simu sikioni, akamwambia aandike tangazo la kubandikwa getini. Pale kiwandani uamuzi wa kamati haukutumwa kwa mtu. Ulibandikwa kwenye ubao wa geti, na aliyesimamishwa alikuja kuusoma mwenyewe. Ulikuwa utaratibu wa zamani ambao hakuna aliyekumbuka ulianzaje.

Bi Cherehani aliandika: Kamati imechunguza suala la sponji zilizoharibika na kuamua kwamba mkataji wa zamu ya asubuhi hatafukuzwa kazi. Afike ofisini kwa ajili ya stahiki zake.

Ndivyo alivyoandika kichwani, na ndivyo vidole vyake vilivyoandika. Kitufe cha H kiliandika kilichotaka. Alirudi kuusaka ukurasa, akakuta neno moja likichechemea kwenye salamu ya chini, akalitengeneza. Lakini neno lile la katikati halikuchechemea. Lilisimama wima kwa miguu yake yote, neno kamili, zuri, linalosomeka: atafukuzwa. Jicho lilipita juu yake kama mtu anavyompita mtu asiyemjua mwenye nguo safi. Na tuseme ukweli, jicho lenyewe lilikuwa limekwisha kuondoka. Mwenye duka alikuwa amempigia simu kwamba mzigo mpya umeingia, na humo kuna ya springi yenye kitufe kikubwa cha kushusha mstari. Meneja alisaini amesimama, karatasi ameigandamiza ukutani. Bi Cherehani akaibandika getini akiwa na mkoba begani, akaenda zake dukani.

Jioni ile alijaribu kibodi mbili mpaka mwenye duka akaanza kushusha mlango wa chuma. Zote mbili zilikuwa nzuri. Akasema atalala alifikirie jambo hilo.

Wembe alikuja kusoma Jumamosi asubuhi. Mlinzi wa geti ndiye aliyesimulia baadaye, kwa sauti ya mtu anayetaka ijulikane kwamba yeye hakuhusika. Alisema Wembe alisoma, akarudi nyuma hatua chache, akasoma tena.

"Hii imebandikwa lini?" akauliza.

"Jana."

"Haya."

Akaondoka kwa miguu. Mlinzi naye alikuwa ameusoma ubao, akafunga geti.

Jumatatu, Bi Cherehani alikuwa anavua viatu vya njiani, anavaa vya ofisini, wakati mfagiaji alipoegemeza fagio mlangoni.

"Kumbe mmemtimua," mfagiaji akasema. "Na mkanda wenyewe mliukuta umekufa. Nyie watu wa juu mna roho."

"Nani katimuliwa?"

"Wembe. Si mmeandika wenyewe hapo nje? Au mnaandika hamsomi?"

Alishuka na kiatu kimoja cha njiani na kimoja cha ofisini. Aliusoma ubao. Alitia kidole mahali ambapo H ilipaswa kuwa, akakipitisha pale kama anayetafuta shimo, na karatasi ilikuwa laini tu.

Simu ya Wembe ilikuwa imezimwa. Meneja alipigwa na butwaa kwanza, kisha akawa mwepesi, kama wakubwa wanavyokuwa wepesi pale jambo linapoanza kuwagusa. "Haina shida. Bandika lingine. Andika hivi: baada ya kutafakari upya, uongozi umeamua kumsamehe mkataji wa zamu ya asubuhi, arudi kazini mara moja."

"Kumsamehe lipi, meneja? Kamati ilisema hana kosa."

"Bi Cherehani, usinianzishie asubuhi. Saini iliyopo pale ni yangu. Nikikubali kwamba karatasi niliyosaini ilikosewa, kesho kila mwenye barua ya onyo atapanda ngazi hizi kuniambia herufi imeruka. Kazi yake si inarudi? Anataka nini tena?"

 Bi Cherehani alitaka kusema jambo kuhusu kitufe, akaishia kurudi nalo chumbani kwake.

Mchana aliomba ruhusa, akaenda kwa Wembe. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili kwenye ua wenye wapangaji wengi na bomba moja. Mke wake alikuwa anakunja nguo na kuzitia kwenye begi kubwa la plastiki. Wembe alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono mikubwa imelala mapajani kama vitu alivyokabidhiwa na mtu. Kesho alikuwa anaondoka, mkewe akasema. Anakwenda kwa kaka yake, kwenye machimbo ya kokoto. Yeye na watoto wangefuata baadaye, au wasifuate. Hilo halikusemwa wazi.

"Karibu, dada," Wembe akasema. Alimletea kigoda mwenyewe. Heshima hiyo ilimwumiza.

"Kuna kosa limetokea," Bi Cherehani akasema. "Hukufukuzwa. Kamati ilisema hatafukuzwa. Mashine iliruka herufi."

Mke aliacha kukunja. Wembe alimgeukia mgeni.

"Mashine," akasema.

"Ndiyo. Laptopu. Herufi ya kwanza haikutoka."

"Dada, mimi niliposema ni mashine, niliambiwa mashine haina mikono."

Alisema bila ukali. Afadhali angefoka. Bi Cherehani alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye begi la plastiki, akayatoa.

"Ulijua ni mbovu?" Wembe akauliza.

"Nilijua."

"Muda mrefu?"

"Muda mrefu kidogo."

"Uliripoti?"

Bombani mtu alikuwa anajaza ndoo, na maji yakaonekana kupiga kelele nyingi mno. Bi Cherehani alifikiria kabati la kioo, na kicheko, na mstari wa pili ulioandikwa bila sababu.

"Niliambiwa ninunue kibodi nyingine," akasema. "Nilikuwa nachagua."

"Ulikuwa unachagua," Wembe akarudia, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu. "Mimi mkanda niliripoti."

Hapo mkewe akaingilia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. "Dada, wewe unaona ni herufi. Mimi huyu aliniapia. Aliniapia kwa jina la mama yake kwamba hakuharibu, nami nikamwamini, nikagombana na watu hapa uani kwa ajili yake. Jumamosi akarudi, akaniambia nimefukuzwa. Nikasema haiwezekani, nitaenda kusoma mwenyewe. Nikaenda jana baada ya ibada, nikasoma kwa macho yangu. Unajua nilifanya nini niliporudi? Nilimwita mwongo. Mbele ya watoto. Nikamwambia ofisi nzima haiwezi kuwa na kosa, mwenye kosa ni wewe."

Wembe akanyoosha mkono kuashiria basi, yametosha.

"Kazi yako ipo," Bi Cherehani akasema. "Meneja amesema urudi. Tangazo litabandikwa, kwamba umesamehewa."

"Sitaki."

"Baba watoto," mkewe akaita kwa sauti ya chini.

"Sitaki kusamehewa. Nikirudi kwa msamaha, kila sponji itakayotoka kombo mpaka nizeeke ni ya kwangu. Na hawa watoto watakua wakijua baba yao aliharibu, akaombewa. Andikeni ilivyokuwa. Mkiandika ilivyokuwa, nitarudi. Mkishindwa, kesho jioni nina gari."

Bi Cherehani aliondoka pale akitembea upande wa kivuli kama mtu asiyetaka kuonwa. Alipofika mtaa wa vifaa vya umeme, mwenye duka alimwona kutoka mbali, akashusha miwani machoni.

"Shemeji! Nimekuwekea zote mbili. Leo tunafunga ndoa."

"Nipe yoyote."

"Yoyote vipi? Ile ya—"

"Yoyote. Chomeka."

Alichomeka iliyokuwa karibu, ya plastiki ya kijivu, ya bei ya chini, ambayo haikuwahi hata kutajwa. Bi Cherehani hakuandika mstari. Aliweka kidole kimoja juu ya H, akabonyeza, akabonyeza tena, na kwenye kioo cha kompyuta zikajipanga hhhhhhhh kama watu waliokuja kushuhudia jambo. Mwenye duka alifungua mdomo apige mzaha, akamtazama usoni, akaufunga. Akaandika risiti.

Asubuhi alifika kabla ya meneja. Alibadilisha viatu, akaichomeka kibodi ya kijivu, akaandika. Vitufe vyake vilikuwa na mlio wa kubonyea tu, kama kidole kwenye unga, naye akatambua baada ya mistari kadhaa kwamba hakuwa anausikiliza. Tangazo lilisema kwamba karatasi ya Ijumaa ilikosewa. Palipoandikwa atafukuzwa, uamuzi wa kamati ulikuwa hatafukuzwa. Mkataji wa zamu ya asubuhi hakusamehewa na mtu, kwa kuwa hakuwa na kosa. Mkanda wa mashine ulikuwa mbovu, naye aliutolea taarifa. Herufi iliyokosekana iliachwa na mpigachapa, ambaye alijua kitufe chake ni kibovu na hakukishughulikia. Chini hapakuwa na saini ya meneja. Palikuwa na jina lake kamili, ambalo wengi pale walikuwa hawalijui, na kwenye mabano akaandika Bi Cherehani, ili wasipate shida.

Zamu ya asubuhi ilisimama getini. Aliyekuwa mbele aliwasomea walio nyuma. Alipofika kwenye neno lenyewe aliirudia ile H kwa kupuliza, "hhha-tafukuzwa," watu wakacheka, na mmoja akasema, "Kumbe mtu anaweza kufa kwa pumzi moja." Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu msimamizi alikuwa amefika na alikuwa anasoma ile sehemu ya taarifa ya mkanda, na shingo yake ilikuwa imevimba. Mtunza stoo alimwona Bi Cherehani akiwa dirishani juu. Safari hii hakuuliza suruali. Alimpungia mkono kidogo, akaingia ndani.

Mfagiaji ndiye aliyebeba habari mpaka kwa Wembe. Alikuwa anakaa mtaa wa jirani. Mke alikuja kwanza, peke yake, na kitambaa kichwani kimefungwa haraka. Alisoma akisogeza midomo. Jumatano asubuhi Wembe alikuwa kwenye kisu.

Meneja hakupiga kelele. Alimwita, akamwonyesha kiti, na kumwambia kwa upole wa kuchosha kwamba kosa la herufi angelivumilia, hata la kibodi angelivumilia, lakini mtu anayebandika tangazo getini bila saini ya uongozi hawezi kukaa naye chumba cha jirani. Bi Cherehani alisema ameelewa. Hakujitetea, na baadhi ya watu walidhani ni kiburi. Ukweli ni kwamba aliona kama kaadhibiwa kwa lile jambo jingine, la kuchagua kibodi huku H ikiharibika, na akaona afadhali.

Barua ya kumwachisha kazi ilibidi aipige chapa yeye, maana hapakuwa na mpigachapa mwingine. Aliipiga kwenye kibodi ya kijivu. Akairudia kuisoma, neno kwa neno, kwa kidole, kama ambavyo hakuwahi kusoma karatasi ya mtu mwingine yeyote. Haikuwa na kosa hata moja. Meneja aliisoma naye safari hii, yote, kabla ya kusaini.

Wembe alimpitia siku ya mwisho, akasimama mlangoni na vumbi la sponji kwenye nyusi. Akasema, "Asante, dada." Bi Cherehani akamwambia asimwambie hivyo tena, tafadhali. Wembe akainama kidogo, akashuka.

Miezi kadhaa baadaye alikutana na mke wa Wembe sokoni, kwenye foleni ya mafuta ya taa. Walisalimiana kwa kushikana mikono yote miwili. Bi Cherehani akauliza habari za nyumbani, na mwanamke akasema nzuri, watoto wazima, baba yao yupo, amepewa mashine mpya. Kisha akasogea karibu.

"Alinisamehe," akasema. "Alisema yamekwisha. Lakini dada, tukipishana kidogo tu, hata kwa jambo la chumvi, hasemi kitu kingine. Ananiambia, kasome getini."

Alicheka kidogo alipolisema, kicheko cha kulisaidia litoke. Bi Cherehani hakuweza kucheka naye. Foleni ikasogea. Akamwachia nafasi yake, akasema amesahau chupa nyumbani, akaondoka na chupa yake kwenye mkoba.

Hajawahi kurudi kuuliza zaidi, na mdogo wake amekatazwa kumwita kwa jina lile la kiwandani. Kwa sasa yuko zahanati, dirisha la kwanza kushoto ukiingia. Anaandika majina ya wagonjwa kwa kalamu, na kila jina humwomba mwenyewe alisome kabla hajapita.